Waya wa Umeme na Mapaa ya Nyumba Zetu: Tuliyojifunza Nshamba



Msimu wa kuchuma unakaribia, na kama ilivyo desturi ya karatasi yetu hii, kila kabla ya msimu twatoa somo moja la kufaa shambani au nyumbani. Mara zilizopita tulisema juu ya uanikaji, na juu ya mpeta na sababu zake. Safari hii somo letu ni la umeme. Twajua baadhi yenu watacheka na kusema, "Katibu ameacha karafuu, ameingia katika nyaya." Twaomba mtusomee kwanza, kisha mcheke, kwani jambo lenyewe lahusu ngazi zenu, mikarafuu yenu iliyo jirani na nyumba, na watoto wenu.

Somo hili hatukulipata kwetu. Tulilipata mbali, huko Nshamba, katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Mwezi wa Novemba Chama kilituma watu watatu, nasi tukiwamo, kwenda kuwatazama wakulima wa kahawa wa upande ule, jinsi wanavyokusanya mazao yao na kuyauza kwa pamoja. Habari za kahawa tutazieleza katika karatasi nyingine, maana ni nyingi. Leo twaeleza lile ambalo hatukulifuata, bali lilitufuata lenyewe.

Nshamba ni nchi ya juu, yenye mvua na baridi ya asubuhi. Mtu wa Pemba akifika huko hujiona mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja. Mikarafuu hakuna, lakini nyumba zimefunikwa na miti kama zetu. Kila mji umo ndani ya kibanja chake, yaani shamba la migomba lililochanganywa na mibuni, na paa la nyumba huliona tu ukishafika mlangoni. Huko mwanamume mtu mzima huitwa Ta, na mwanamke huitwa Ma, hata na asiyekuwa mtoto wao. Nasi tukafuata mwendo wao.

Kwa umeme pia tuna udugu nao. Kwa miaka mingi watu wa Bukoba na Muleba walitumia umeme uliotoka nchi jirani ya Uganda, ukipita Masaka hadi kituo cha Kyaka. Sisi wa Pemba tangu mwaka 2010 tunatumia umeme unaotoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kazi iliyofanywa kwa msaada wa nchi ya Norway. Wao na sisi tumeupata umeme wa uhakika tukiwa tumekwisha jenga nyumba zetu. Nyumba hazikujengwa zikingoja waya. Waya ulikuja baadaye ukatafuta pa kushika. Hapo ndipo penye asili ya jambo hili.

Mwenyeji wetu mmoja, mzee wa makamo, mkulima wa kahawa na mwenye heshima katika kijiji chake, alitukaribisha kwake kwa chakula cha mchana. Tulipofika tuliwakuta watu wa nyumba wamesimama uani, hawakai. Mkewe, Ma, alikuwa ameanua nguo zote na kuzitupa juu ya majani. Tukauliza kulikoni. Tukaambiwa kuwa tangu jana waya wa kuanikia nguo unauma.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mjukuu wao wa miaka tisa alitumwa kuanua nguo mvua ilipoanza. Alipoushika waya wa kuanikia akapiga ukelele, akaanguka chali. Alhamdulillahi, aliachiliwa. Wakubwa wakadhani ni umeme wa ndani ya nyumba uliovuja mahali, basi wakazima swichi kuu iliyo chini ya mita, wakalala gizani. Asubuhi kijana wa nyumba akagusa bomba la kukingia maji ya paa, kwa mgongo wa kidole, naye akarushwa. Swichi imezimwa, taa haziwaki, na nyumba bado inauma! Wengine walianza kusema maneno ya uchawi. Hatuwalaumu. Jambo usilolijua sababu yake hulipa jina la kwanza linalokujia.

Tukatazama juu. Waya wa kuingilia umeme, ule mweusi unaotoka nguzoni mpaka nyumbani, ulikuwa umelala juu ya ukingo wa bati la baraza ya mbele. Ulipokuwa ukipepea kwa upepo, bati liliukata mpira wake kidogo kidogo kama msumeno, mpaka chuma cha ndani kikaonekana. Na waya wa kuanikia nguo ulikuwa umefungwa kwenye msumari wa bati lile lile.

Tukamwuliza, "Mzee, waya huu uliwekwa chini namna hii tangu mwanzo?"

Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Waya ulikuwa juu. Nyumba ndiyo iliyopanda."

Neno lake hili tumelibeba mpaka kwetu. Nyumba yake ilipopata umeme ilikuwa na paa la chini, na waya ulipita juu yake mbali. Kisha likaja tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu zaidi ya kumi katika mkoa ule na kubomoa nyumba nyingi mno. Kwake kuta zilipata nyufa tu. Alipozitengeneza akaona bora aongeze matofali matatu, na paa alisimamishe zaidi ili mvua iteremke upesi, na mbele aongeze baraza ya kuhifadhia kahawa. Fundi wa kuezeka akaezeka. Fundi wa kuta akajenga. Hakuna aliyekwenda kuwaambia watu wa umeme, maana hakuna aliyeuona umeme kuwa ni sehemu ya paa.

Sasa tueleze kwa nini kuzima swichi hakukusaidia, kwani hapa ndipo wengi wetu tumekosea, na sisi waandishi wa karatasi hii tulikuwa miongoni mwao.

Umeme hutoka nguzoni, hupita katika waya wa kuingilia, hufika kwenye mita, kisha hufika kwenye swichi kuu, na kutoka hapo hugawanyika vyumbani. Ukizima swichi kuu umeufunga umeme wa mbele ya swichi, yaani wa vyumbani. Waya ulio nyuma yake, ule unaopita juu ya paa, haujui kama umezima. Ni kama mtu aliyefunga bomba la jikoni: jiko ni kavu, lakini mfereji wa barabarani umejaa maji. Na khasa tusikilizane katika hili: hata yuniti za TUKUZA zikiisha, kama zinavyoisha za LUKU huko Bara, taa zako zikafa na friji ikanyamaza, waya wa juu ya paa bado ni hai. Mita imekukatia wewe, haikuukatia waya. Tumewahi kumwona kijana hapa kwetu akipanda juu ya bati kusogeza waya ule kwa mkono, akisema, "Hamna umeme, yuniti zimekwisha tangu asubuhi." Alikuwa amevaa makubadhi ya mpira na siku ilikuwa kavu. Hatusemi zaidi.

Swali la pili ni hili: kama waya uligusa bati, mbona fyuzi haikukatika? Kwa sababu fyuzi ya nguzoni huwekwa kulinda waya na transfoma, haikuwekwa kumlinda mtu. Hukatika umeme mwingi mno unapopita kwa ghafula. Bati la Nshamba lilikaa juu ya mbao kavu na matofali makavu, na umeme uliopanda juu yake haukuwa na njia ya kushukia ardhini. Ukakaa ukingoja. Wa kwanza kuipa ile njia alikuwa mtoto mwenye miguu mitupu juu ya udongo wenye maji. Watoto wa skuli hutuuliza mbona ndege hukaa juu ya waya wasife. Jibu lake ni hilo hilo. Ndege amegusa waya tu, hakugusa ardhi. Lau ndege angekuwa na mguu mmoja wayani na mguu mmoja matopeni, tungemwokota chini.

Na kiasi gani cha umeme huua? Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Vifaa vya kukata umeme unapovuja, ambavyo kila nyumba ingefaa kuwa navyo, huwekwa vikate unapovuja kiasi cha sehemu 30 katika sehemu 1,000 za ampia, kwa kuwa kuzidi hapo moyo waweza kupotea mapigo yake. Taa moja ndogo ya kisasa ya wati 7 hutumia karibu kiasi hicho hicho. Mwili wa mtu aliyelowa waweza kupitisha mara saba yake. Basi umeme wa kuwasha taa saba ndogo, ambao fyuzi ya nguzoni hata haiuhisi, ni mwingi kupita wa kuua mtu. Na hata kile kifaa cha kukata, kikiwa ndani baada ya mita, hakiulindi waya wa juu ya paa. Waya ule hulindwa na kitu kimoja tu, nacho ni nafasi.

Nafasi hiyo ni kiasi gani? Vipimo vya mwisho ni vya mashirika yenyewe, ZECO kwetu na TANESCO huko Bara, na mafundi wao ndio wenye neno la kukata. Lakini mwanachama apaswa kuwa na kipimo machoni ili ajue wakati wa kuwaita. Tumechukua vipimo vya kanuni za umeme za Marekani, kwa sababu vimeeleza sababu zake vizuri, na sababu hizo ndizo tunazozitaka.

Wao husema waya wa kuingilia ukipita juu ya paa ambalo mtu aweza kutembea juu yake, uwe juu kiasi cha futi 8 au zaidi kidogo, yaani kama mita 2 na nusu. Hiyo ni kusema mtu mzima akisimama juu ya paa na kuinua mkono wake asiufikie. Paa likiwa la mwinamo mkali, na umeme ukiwa wa kawaida wa majumbani, waweza kushuka hadi futi 3. Si kwamba umeme wa juu ya paa la mwinamo ni mpole. Ni kwamba watu hawatembei juu ya paa kama lile. Pale waya unapomalizikia, juu ya ukingo wa paa kwenye bomba lake, waweza kukaribia hadi inchi 18, lakini kwa masafa mafupi tu. Na kutoka kwenye dirisha linalofunguka, mlango, baraza au ngazi, uwe mbali futi 3. Juu ya njia ya watu waendao kwa miguu, futi 10. Juu ya njia ya gari ya nyumbani, futi 12. Juu ya barabara ya malori, futi 18.

Msishike namba, shikeni mpango wake. Kila namba hapo imepimwa kwa mtu: mkono wake wafika wapi, na husimama wapi. Kanuni ile haikumfikiria mchumaji wa karafuu mwenye ngoeo mkononi. Sisi ndio wa kumfikiria. Mtu aliyesimama chini na ngoeo ya mita 3 ana mkono wa mita 5. Akiwa juu ya ngazi mkono wake ni wa mita 8. Nafasi iliyomtosha mwenye nyumba mwezi wa Machi haitoshi mwezi wa Oktoba.

Tena nafasi hiyo haikai kama ulivyoipewa. Huliwa. Nshamba iliona paa likipanda. Kwetu hapa kuna mambo mengine matatu yanayoila.

La kwanza ni waya wenyewe kulegea. Jaribuni nyumbani na kamba ya kuanikia. Ifungeni baina ya miti miwili iliyoachana hatua tano, muone katikati yake inashuka kiasi gani. Kisha ifungeni baina ya miti iliyoachana hatua kumi, kwa kuvuta kwa nguvu ile ile. Mtadhani itashuka mara mbili. La, hushuka mara nne. Waya ulioshuka shubiri moja katika mita 15 hushuka shubiri nne katika mita 30. Kwa hivyo mashirika hupenda nguzo iwe karibu. TANESCO kwa muda mrefu imehesabu nyumba iliyo ndani ya mita 30 kuwa haihitaji nguzo ya ziada, na iliyo mbali zaidi huongezewa. Wapo wenzetu wanaoona nguzo ya ziada ni gharama ya bure, wakatafuta "kijana anayejua" awavutie waya kutoka nyumba ya jirani, mita 50 au 60, juu ya mapaa ya watu watatu. Waya huo hulegea kila mwaka. Ukipigwa na jua la mchana hulegea zaidi kuliko ulivyokuwa asubuhi, kwa hiyo anayetaka kuutazama autazame saa saba au saa nane, wakati umeshuka kabisa.

Na jua lenyewe hula mpira wa waya. Waya mweusi uliokaa juani miaka mingi hupasuka kama ngozi ya kisigino. Kwa macho ya mtu aliye chini bado ni waya mweusi uliovikwa, na yeye huutumaini. Msiutumaini. Kila waya unaotoka nguzoni uhesabuni kuwa uchi.

La pili ni miti. Huko Nshamba waya hupita katika migomba, na mgomba una adabu kidogo, kwani jani lake huchanika na kuanguka. Lakini jani bichi lililolowa likilala juu ya waya uliochubuka ni njia nzuri sana ya umeme, nao huko huwaonya watoto wasikate mgomba unaoegemea waya. Kwetu hakuna adabu hiyo. Mkarafuu hupanda mpaka mita 10 na kupita, na matawi yake ni magumu. Tuna miche iliyopandwa karibu na nyumba kwa sababu njema, ili mtu aichunge asiibiwe, na leo imekuwa miti inayokumbatia waya wa nyumba. Hapo mchumaji hupanda tawini, haoni waya uliojificha katika majani, na mkono wake unatafuta kikonyo cha karafuu. Tuseme kweli: nyumba ya kwanza tuliyoitazama tuliporudi ilikuwa ya mwandishi wa somo hili, na mkarafuu wa ubavuni mwake ulikuwa umeufunika waya hatua nzima. Tulikuwa tumeuchuma misimu miwili hivyo hivyo.

Mkarafuu kama huo usichumwe upande wa waya mpaka shirika limekata matawi au limeukata umeme nguzoni. Karafuu zitakazopotea ni pishi chache.

La tatu ni vitu tunavyovisimamisha wenyewe: antena, dishi la televisheni juu ya mlingoti wa chuma, turubali la kufunikia karafuu mvua inapokuja, ambalo kamba zake hufungwa popote zinaposhika. Tumeona kamba ya chuma ya turubali imefungwa kwenye kishikio kile kile cha waya wa umeme chini ya paa. Aliyeifunga alikuwa na haraka, wingu limeinama na majamvi kumi yako uani. Twaielewa haraka hiyo. Basi wekeni nguzo zenu za turubali sasa, kabla ya wingu.

Tukiwa katika hilo, tuwape kisa kidogo cha Kagera. Novemba ni wakati wa senene, wale panzi wa kijani ambao watu wa huko huwapenda kuliko nyama. Usiku hutega kwa kusimamisha mabati marefu na kuwasha taa kali. Senene huifuata taa, hugonga bati, huteleza na kuingia pipani. Ni jambo la kupendeza kulitazama, na tuliyakaribishwa tukayala, matamu. Lakini ni mabati, usiku, mvua, na nyaya za kuazima zilizounganishwa kwa utepe. Mwenyeji wetu mwenyewe alikuwa na bati la senene limeegemezwa ukutani, na ncha yake ilikuwa chini ya ule waya kwa kiasi cha mkono mmoja. Hakuna aliyeliona mpaka tulipokuwa tukitazama juu kwa sababu ya mtoto.

Basi mpimeje bila kuukaribia? Kamwe msiuinulie waya fito, wala utepe wa kupimia, wala ngazi. Fanyeni hivi. Chukueni fito kavu ya mita 2, isimamisheni ardhini chini ya mahali waya uliposhuka zaidi, mtu mwingine aishike ikiwa wima. Kama huko chini ni karibu mno na waya, iegemezeni ukutani. Wewe rudi nyuma hatua kumi na tano au ishirini. Nyoosha mkono, shika kalamu wima mbele ya jicho moja, na weka kidole cha gumba mahali ambapo kalamu inalingana na fito. Kisha, bila kukunja mkono, pandisha kalamu na uhesabu fito ile yaingia mara ngapi mpaka kwenye waya. Ikiingia mara mbili na nusu, waya uko mita 5 juu ya ardhi. Fanya vivyo hivyo kwa ukingo wa paa, kisha toa. Waya mita 5, paa mita 4: nafasi ni mita 1, na paa hilo likiwa la bapa au la baraza ambayo mtu hupanda, haitoshi. Watoto wa darasa la sita huliweza jambo hili vizuri kuliko sisi, kwani wana macho na subira. Si kipimo cha fundi, lakini chatosha kumjulisha mtu kwamba yafaa amwite fundi.

Wenye nyumba za makuti wana shauri lao peke yao. Makuti hayapitishi umeme kama bati, lakini waya unaosugua makuti makavu hutoa cheche, na makuti hayahitaji cheche mbili. Kwao waya usiguse paa hata kidogo, na mahali unapoingilia pawe ukutani au kwenye mlingoti wa pembeni.

Nyaya za juu kabisa za nguzo ndefu, zile tatu zilizo uchi zinazokaa juu ya vikombe vya kauri, hazimo katika somo hili. Hizo ni za volti 11,000 au 33,000, na umeme wake huruka kwenye hewa bila hata kuguswa. Asiyejenga chini yake hana haja ya kujua zaidi; aliyejenga aende shirikani leo.

Waya ukianguka, watu wote wakae mbali hatua kumi na tano au zaidi, wawaondoe watoto na ng'ombe, na shirika liitwe kwa simu. Asiushike mtu kwa kudhani umekufa, kwani waya ulioanguka hurudishiwa umeme wakati wowote. Mtu aliyenaswa msimshike mwili. Swichi ya nyumba, kama mlivyokwisha soma, haiufungi waya huu. Tunajua ni jambo gumu kusimama na kumtazama ndugu yako amelala. Lakini wapo waliokufa namna hii ambao hawakufa peke yao. Wa pili alikuwa ni mwokozi.

Turudi Nshamba tumalize. Tulimzuia kijana asipande kuusogeza waya, maana alikuwa amekwisha leta ngazi. Mzee akapiga simu shirikani, na sisi sote pamoja na jirani tukahamia uani kwa jirani yule, tukala huko chini ya migomba. Mafundi walifika kabla ya magharibi. Walikata umeme nguzoni kwanza, ndipo wakapanda. Wakautoa waya ule, wakaweka mpya, na bomba lenye urefu wa kupita paa jipya, na kabla ya waya kuingia bombani wakauachia kitanzi kinachoning'inia ili maji ya mvua yadondoke hapo yasiifuate njia ya mita. Fundi mkubwa alimwambia Mzee maneno machache tu: akitaka kuongeza tofali, aje aseme kwanza. Ma akauhamisha waya wa kuanikia nguo, akaufunga baina ya mibuni miwili, mbali na nyumba. Mtoto alikuwa hataki kuugusa. Akaanikiwa nguo zake na bibi yake.

Kamati imekubali mambo mawili, nayo tunawaarifu. Kila tawi lichague watu wawili wenye fito na kalamu, wapite nyumba za wanachama pamoja na Sheha, waandike nyumba ambazo waya uko karibu na paa, baraza, au mkarafuu. Waandike jina la mwenye nyumba, mtaa, na kitu kilichokaribia. Orodha ziletwe kwa Katibu kabla ya ngazi ya kwanza kusimamishwa, nasi tutazipeleka zote kwa pamoja ofisi ya shirika, kwani barua moja yenye nyumba nyingi husomwa upesi kuliko barua nyingi zenye nyumba moja moja. La pili, mwanachama anayetaka kuezeka upya au kuongeza baraza msimu huu alete jina lake pia, hata kama leo waya wake uko juu mbinguni. Nyumba ya Katibu imekwisha andikwa, ni ya kwanza katika orodha.